Krauni Inayometa Kupita Kiasi

Mpwa wangu mpendwa,

Picha ya sarafu ya krauni ya Malkia Victoria ya 1889 imefika, pamoja na bei anayotaka muuzaji. Inameta kama sinia la arusi, na hapo ndipo penye shaka.

Fedha ya miaka zaidi ya 130 haibaki nyeupe hivyo bila mkono wa mtu. Salfa iliyomo hewani, na hata kwenye karatasi za bahasha kuukuu, huitanda taratibu: kwanza manjano hafifu, kisha wekundu wa kahawia, zambarau, buluu, na mwisho weusi. Utando wa asili mara nyingi huanzia ukingoni ukaingia katikati kidogo kidogo, na mng'aro wa awali bado huonekana chini yake. Walaghai huharakisha kazi hiyo kwa moto au dawa za salfa. Rangi yao huwa kali, yenye mabaka, na huingia hadi ndani ya mikwaruzo mipya.

Daraja la sarafu, hata hivyo, hupimwa kwanza kwa kulika. Nyuma ya krauni hiyo yumo Mtakatifu George akipigana na joka, mchoro wa mchongaji Pistrucci. Lenzi ianzie pale palipoinuka: paja la mpanda farasi na bega la farasi. Upande wa Malkia, zitazamwe nywele zilizo juu ya sikio. Kulika kukionekana wazi lakini mchoro mwingi ungalipo, Waingereza huandika VF (Very Fine). Kukihitaji kutafutwa, huandika EF (Extremely Fine). Bei hupanda sana kati ya hizo mbili, ndiyo maana wauzaji wengi ni wakarimu wa herufi.

Kisha krauni iinamishwe chini ya taa moja. Juu ya sarafu isiyoguswa, miale huzunguka. Iliyosuguliwa kwa kitambaa hujaa mikwaruzo myembamba ya upande mmoja; iliyochovywa mno kwenye asidi huwa nyeupe iliyofifia. Wajuzi wengi huona heri nyeusi ya asili kuliko hizo.

Mizani nayo isisahauliwe: krauni ni gramu 28.28, na fedha yake ni asilimia 92.5. Inayoonekana mpya ikipimwa gramu 26, hiyo ni ya bandia.

Muuzaji aombwe picha nyingine yenye mwanga wa pembeni. Akikataa, mwachie krauni yake. Za 1889 si adimu.

Mjomba wako