Mazishi Tuliyomkataza Kijana Wetu

Jumuiya yetu ndogo ndogo hapa Endagikot ina kosa moja ambalo tumekubaliana kuliandika pamoja, kwa sababu tulilitenda pamoja.

Kijana wetu mmoja alikuwa akifanya kazi Arusha, katika duka la vipuri vya magari la mzee mmoja Mhindu. Baba wa kijana alipofariki ulikuwa mwezi wa nne, masika yamekolea. Hatukumtegemea mgeni yeyote kutoka mbali. Mzee yule akaja. Alipitia Karatu, akapanda milima yetu kwa gari lililokwama mara mbili, akafika viatu vimejaa matope. Alisimama nasi kaburini tangu sala ya kwanza hadi ya mwisho. Zamu ya kutupa udongo ilipofika, aliinama, akachukua donge, akatupa kama sisi. Wakati wa chakula alikula wali na maharage, nyama hakuigusa. Wapo kati yetu walionong'ona kwamba anatudharau.

Miaka miwili baadaye mzee huyo naye akafariki. Ilikuwa Jumamosi, na sisi tulikuwa tumekusanyika kwa sala ya jumuiya, simu ya kijana ilipoingia. Alisema familia ya mzee imemwomba awepo, na mwili utachomwa jioni ileile. Je, Mkristo anaruhusiwa kwenda? Tulijibu upesi. Mmoja alisema watu hao wanaabudu sanamu. Mwingine akasema kumchoma mtu ni kumtanguliza motoni. Mwenyekiti akamalizia, "Usiende, mwanangu. Utajichafua." Kijana akatii. Aliporudi dukani, mtoto wa marehemu alimwuliza neno moja tu: "Ulikuwa unaumwa?" Hakuwa na jibu.

Tulimsimulia padri habari hiyo, tena kwa kujivuna kidogo. Alitusikiliza, kisha akatuuliza maswali mawili. Je, mnajua kwamba Kanisa Katoliki liliruhusu kuchoma maiti tangu mwaka 1963, ingawa bado linapendelea maziko ya ardhini? Na je, mnajua Wahindu wanaamini nini? Hatukuweza kujibu hata moja. Hapo ndipo tulipoanza kujifunza, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza tulijifunza kutofautisha majina. Sisi humwita kila mwenye asili ya India "Mhindi", tukadhani wote wana dini moja. Sivyo. Mhindi ni mtu wa asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Uhindu. Kati ya Wahindi wa Afrika Mashariki wapo Waislamu, kama Waismailia na Mabohora. Wapo Masingasinga wenye vilemba. Wapo Wagoa, ambao wengi wao ni Wakatoliki wenzetu. Wahindu ndio wale ambao watu wa pwani waliwaita Mabaniani. Wafanyabiashara wao kutoka Gujarat na Kutch walifika Unguja tangu zamani, wakija na majahazi kwa pepo za kaskazi. Leo wana mahekalu Unguja, Mombasa, Nairobi, Arusha, na Dar es Salaam mtaa wa Kisutu.

Uhindu ni dini ya watu zaidi ya bilioni 1 duniani, wengi wao wakiwa India. Hauna mwanzilishi mmoja wala imani moja iliyoandikwa kama Kanuni yetu ya Imani. Maandiko yake ya kale kabisa ni Veda, na kitabu kipendwacho na wengi ni Bhagavad Gita. Wahindu wengi husema kwamba nyuma ya vyote kuna ukweli mmoja wa milele, Brahman, na kwamba Vishnu, Shiva, Lakshmi, Ganesh na wengine ni njia ambazo ukweli huo hujionyesha kwa watu. Wengine humwabudu mmoja kati ya hao kama Mungu mkuu. Sanamu iliyo hekaluni wengi huiona kama mahali ambapo mungu hukubali kutazamwa na kusalimiwa. Tulipofika hapo wazee wetu walikumbuka kwamba Wairaqw wa kale walimwita Mungu Looaa, wakamhusisha na jua, na wageni wakasema tunaabudu jua.

Wanaamini pia karma: kwamba kila tendo, jema au baya, lina matunda yatakayomrudia mtendaji. Asipoyavuna katika maisha haya, atayavuna katika mengine, kwa maana roho huzaliwa upya tena na tena. Lengo la mwisho ni moksha, yaani kufunguliwa kutoka katika mzunguko huo. Wanafundishwa pia kutokudhuru kiumbe. Ndiyo maana wengi hawali nyama, na ng'ombe wanamheshimu sana. Basi mzee yule siku ya msiba hakutudharau. Alikuwa anashika dini yake mbele ya sufuria letu.

Nyumbani mwao mara nyingi kuna madhabahu ndogo. Huwasha taa, huweka maua na matunda, huomba. Ibada hiyo huitwa puja. Sikukuu yao kubwa ni Diwali, mwezi wa 10 au wa 11, wanapopanga taa kushangilia nuru kulishinda giza.

Na kifo je? Kwao mwili ni kama nguo ambayo roho imeivua. Moto huurudisha mwili kwenye asili yake upesi, na kuiachilia roho iendelee na safari. Kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume ndiye huwasha moto, na majivu hupelekwa mtoni au baharini. Kisha nyumba iliyofiwa hukaa siku kadhaa katika hali ya kujitenga. Sisi tuliolelewa na wazee waliojua metimani, kipindi cha kutengwa kwa nyumba iliyofiwa, tungepaswa kuelewa hilo kabla ya watu wengine.

Hatusemi kwamba imani hizi ni sawa na yetu. Wao husubiri kuzaliwa tena. Sisi tunasubiri ufufuko. Wao hutumaini kufunguliwa na karma. Sisi tunamtumaini Kristo aliyebeba dhambi zetu. Hata majivu ya Mkatoliki aliyechomwa, Kanisa linaagiza yatunzwe mahali patakatifu, si kutawanywa. Uhindu nao una majeraha yake. Kwa karne nyingi watu wa tabaka la chini waliitwa wasioguswa, mpaka Katiba ya India ya mwaka 1950 ikapiga marufuku ubaguzi huo. Lakini sisi tuliomwambia kijana wetu "utajichafua" hatuna mdomo mrefu wa kuwahukumu wengine juu ya hilo.

Padri alituonyesha pia tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la tarehe 28 Oktoba 1965 kuhusu dini nyingine. Linautaja Uhindu kwa jina, na linafundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Tumekuwa Wakatoliki maisha yetu yote, na hatukuwa tumelisikia.

Mwaka huo, baada ya mavuno, wanne wetu tulifuatana na kijana hadi Arusha. Tulibeba gunia la maharage. Zamani tungebeba kuku. Tulivua viatu mlangoni. Picha ya mzee ilikuwa ukutani, imevishwa shada la maua, na chini yake taa ndogo inawaka. Hatukuisujudia, wala hakuna aliyetuomba kufanya hivyo. Mwenyekiti wetu alimwambia mjane, "Mama, tumechelewa. Tulimzuia mtoto huyu kuja kumzika baba yake wa kazini. Kosa ni letu, si lake." Mama yule alinyamaza kitambo, akamtazama kijana, kisha akaagiza chai.

Ndugu msomaji, siku kijana wako akikuuliza swali kama hilo, usijibu upesi kama sisi. Kwanza uliza mwenzako anaamini nini. Halafu kumbuka ni nani aliyesimama kaburini kwako. Sisi jibu letu sasa ni hili: nenda, mwanangu, simama nao mpaka mwisho, na uwaombee kwa sala zako mwenyewe.