Uchungu wa Gome na Kipimo cha Dawa

Kati yetu sisi wakazi wa Kashebere, pale milima ya Masisi inapoteremka kuelekea misitu ya Walikale, hapana nyumba isiyoijua homa ya malaria. Mtoto akianza kutetemeka usiku, bibi huchuma majani machungu nyuma ya nyumba, naye mama huinjika chungu motoni. Hatuidharau desturi hiyo, maana wazee walitambua kwamba katika uchungu mara nyingi mna nguvu. Lakini yafaa tujue nguvu hiyo hutoka wapi, na mpaka wake ni upi.

Mti hauna miguu ya kukimbia. Mti wa kwinini, uitwao sinkona, asili yake ni miteremko ya milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, penye baridi na ukungu. Wataalamu huona kwamba uchungu wa gome lake ni ngao yake juu ya wadudu. Mti haukujiwekea ngao hiyo kwa ajili yetu, lakini imetufaa. Kijidudu cha malaria kikila damu yetu hupata humo sumu, nacho hujua kuifunga isikidhuru. Kwinini hukizuia kuifunga, kikafa kwa chakula chake chenyewe.

Katika karne ya 17 Mapadre Wayesuiti walilipeleka gome hilo Ulaya. Mwaka wa 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga kwinini yenyewe. Baadaye mti ukapandwa hata Kivu kwetu, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kikajulikana kwa dawa hiyo.

Mbona walijisumbua kuitenga, ikiwa gome liliponya? Ni kwa sababu miti inayofanana machoni haifanani kwa dawa. Mwaka wa 1865 Waholanzi walinunua mbegu za Charles Ledger, zilizokusanywa Bolivia na Manuel Incra Mamani. Zilipooteshwa Java zilizaa miti yenye kwinini nyingi kupita ile ya kwanza. Tofauti hiyo haikuonekana kwa macho. Ilijulikana kwa kupima.

Ndivyo ilivyo pia kwa artemisia, mmea ambao mwaka wa 1972 Mchina Tu Youyou na wenzake waliutoa artemisinini. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kutokana nayo hutengenezwa artesuneti. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010, juu ya watoto 5,425 wa Afrika wenye malaria kali, ulionyesha kwamba waliodungwa artesuneti walikufa 8.5 katika kila 100, na waliopewa kwinini 10.9. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya majani ya artemisia kuwa tiba ya malaria. Kiasi cha dawa ndani yake hubadilika, na dawa haba huacha vijidudu hai, navyo huzoea kuishinda.

Basi, wazazi wenzetu, mtoto akishikwa na homa tusingoje chungu kichemke wala kupambazuke mara ya pili. Tumpeleke kituo cha afya siku ile ile, apimwe damu, amalize vidonge vyote. Twajua njia ni ndefu, na siku nyingine haina amani. Kwa hiyo jirani amsindikize jirani. Nanyi wanafunzi, jifunzeni kwa wazee majina ya mimea yetu, kisha jifunzeni shuleni namna ya kuipima.