Kutoka Mtumbwi wa Lami hadi Boti ya Faiba

Kwetu chini ya Garsen, nyumba isiyo na chombo ilihesabiwa kuwa na upungufu hata kama ghala lake limejaa mpunga. Shamba liko ng'ambo, shule iko ng'ambo, na mto ukipanda, hata jirani wa ukuta kwa ukuta huwa ng'ambo. Mto Tana huteremka takriban kilomita elfu moja kutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya, na ukifika kwetu hutanda. Hujaza maziwa kama Shakababo na Bilisa, hulowesha mashamba, kisha hushika njia ya Kipini na kuingia baharini katika Ghuba ya Ungwana. Mtoto wa huku hujua kushika kafi kabla ya kushika kalamu.

Wazee wetu waliikumbuka Garsen isiyo na daraja, magari ya Lamu yakivushwa kwa pantoni iliyovutwa kwa kamba na nguvu za mikono. Vijijini hatukuwa na pantoni wala daraja. Tulikuwa na mtumbwi. Babu alichonga wa kwetu kwa shoka na tezo kutoka kwenye gogo la mwembe uliokuwa umechoka kuzaa. Waliobahatika walipata mkuyu mnene, ulionyooka. Mti ulikuwa wa kijiji, fundi alikuwa wa kijiji, na malipo yalikuwa chakula cha siku za kazi pamoja na fungu la samaki baadaye.

Utengenezaji nao ulikuwa wa nyumbani. Mtumbwi wa mwembe haudumu sana. Jua huupasua omo, na mchanga hulisugua tumbo hadi liwe jembamba. Ufa ulipotokea, babu aliupindua mtumbwi kivulini, akauacha ukauke, kisha akayeyusha vipande vya lami ndani ya kopo kuukuu. Alichovya matambara ya pamba ndani ya lami ile na kuyashindilia kwenye ufa kwa kisu butu, kidogo kidogo, mpaka ufa ukakataa kumeza zaidi. Juu yake alipigilia kipande cha bati la debe kwa misumari mifupi, kingo zake zikiwa zimekunjwa ili zisimchane mtu mguu. Gharama ilikuwa misumari tu. Maji yaliyoendelea kupenya yalikuwa kazi yetu watoto: mmoja alikaa katikati na kata yake akiyafua mpaka ng'ambo.

Hali ile ilibadilika pole pole, na chanzo chake kilikuwa mbali na kijiji. Mabwawa ya umeme yalijengwa juu ya mto: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Msitu wa kando ya Tana huishi kwa mafuriko, kwa sababu maji yanayopanda na kushuka ndiyo huacha udongo laini ambamo miche ya mikuyu huota. Mafuriko ya kawaida yalipopunguzwa, na mashamba yakaingia msituni, magogo makubwa yakawa adimu. Februari 2018 serikali ikapiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, marufuku iliyodumu hadi 2023. Lakini hata kabla ya hapo, kwetu mtu aliweza kuzunguka kutwa nzima asipate gogo la kumbeba yeye na mkewe.

Mto nao haukutulia. Mafuriko ya 1961 tuliyasikia kwa wazee. Ya El Nino ya 1997 na 1998 tuliyaona kwa macho yetu. Yakaja ya 2018, ya mwisho wa 2023, na ya Aprili na Mei 2024, mabwawa ya juu yalipofurika. Barabara ya kwenda Lamu ilizama kati ya Gamba na Lango la Simba, abiria wakashushwa kwenye basi na kupandishwa boti. Mwezi huo wa Aprili, boti ya abiria ilipinduka huko Kona Punda, kati ya Mororo na Madogo, na watu wakafa maji. Kila mwenye chombo alijiuliza kama chake kingestahimili mkondo ule. Mtumbwi ulioshuka hadi inchi chache juu ya maji, wenye viraka vya bati, mbele ya viboko na mamba, haukuwa tena jibu.

Sisi tulikuwa tumekwisha kuhamia boti ya faiba. Mjomba, ndugu wa mama, ndiye aliyeanza. Alitumia pesa za maembe kununua boti ya mtumba kwa mvuvi mmoja wa Kipini. Ilikuwa imelala mchangani, tumbo lina tundu, na rangi yake imechunika. Boti mpya hatukuwa na uwezo nayo. Hii tuliiweza kwa sababu wengine waliiona imekufa.

Fundi tuliyemwita hakuanza na tundu. Alichukua nyundo ndogo akaenda tezi, pale mashine inapofungwa, akagonga taratibu kutoka kona hadi kona. Sehemu zilizo nzima zilijibu kwa mlio mkavu. Katikati, karibu na matundu ya bolti, sauti ilizama. Alitoboa hapo kwa keekee, na badala ya unga mkavu wa mbao likatoka tope jeusi.

"Lakini," mjomba akasema, "tulikuwa tununue mashine kwanza."

"Mashine itakwenda na tezi yake mtoni," fundi akajibu. "Pesa yenu ianzie hapa."

Hilo ndilo fundisho kubwa la boti ya mtumba kwa mwenye pesa kidogo: fuata mpangilio. Kwanza tezi, pili tumbo, mwisho mashine. Rangi ni ya atakayebakiza. Tulikata ngozi ya ndani ya tezi, tukaikwangua mbao iliyooza yote, tukaweka plaiwudi mbili zilizobanwa pamoja, zikiwa zimepakwa rezini pande zote na hasa kwenye kingo, maana ndiko maji huingilia. Matundu ya bolti fundi aliyatoboa mapana kuliko bolti zenyewe, akayajaza rezini, ikakauka, kisha akatoboa upya katikati. Kwa njia hiyo bolti haigusi mbao, na maji yakipita hayana cha kuozesha.

Tundu la tumboni nalo lilitaka subira. Ukilifunika tu kwa juu, kiraka kitabanduka msimu ule ule. Fundi alilisaga pembeni likawa mteremko mpana kuzunguka tundu, akapangusa kwa asetoni, akatandika vipande vya mkeka wa faiba kimoja juu ya kingine, kila kimoja kikipindukia kingo za mwenzake, akikandamiza kwa brashi ili kusibaki pumzi ya hewa ndani. Dawa ya kukazia huingia rezini kwa kiasi kidogo sana, asilimia moja au mbili hivi, na kwa joto la Garsen ukizidisha, kopo huganda mkononi kabla hujafika kwenye boti. Kwa hiyo tulichanganya kidogo kidogo, asubuhi mapema. Vumbi la faiba huwasha ngozi na kuumiza mapafu. Leso haitoshi, vaa barakoa na shati la mikono mirefu.

Mashine tuliipata baadaye, ndogo, ya tu-stroki, nayo ya mtumba. Maji ya Tana ni ya tope na mchanga, na mchanga hula impela, kile kipande cha mpira kinachosukuma maji ya kupoza. Pembeni mwa mashine hutoka uzi wa maji. Ukiuona unakuwa mwembamba, zima mashine papo hapo, shika kafi. Impela mpya ni bei ndogo. Injini iliyoungua ni kilio. Pini ya rafadha nayo imewekwa laini makusudi ili ivunjike yenyewe ukigonga gogo. Watu wengi huchomeka msumari mgumu badala yake, na gogo la pili huvunja gia.

Nikilinganisha enzi hizi mbili, naona tumepata na tumepoteza. Boti imetupa nafasi ya kuvusha mgonjwa akiwa amelala, na wafugaji wa Kiorma wanaovusha ng'ombe kwa kuogelea hutuletea ndama wachanga tuwapakie. Lakini matengenezo yameacha kuwa ya bure. Rezini hutoka Mombasa kwa basi hadi Minjila, na kopo likifunguliwa halikai sana, kwa hiyo tunachangia majirani kadhaa na kupanga kazi za boti zote kwa wiki moja. Ujuzi pia umehamia mikono mingine. Babu aliwafundisha wanaume peke yao kushika tezo. Leo mpimaji wetu wa dawa ya kukazia ni dada yangu, anayeipima kwa bomba la sindano, na hakuna kiraka chake kilichobanduka. Mtumbwi uliokufa uligeuka kuni. Boti ya faiba iliyotupwa haiozi, itabaki ukingoni miaka na miaka. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuitengeneza badala ya kuiacha.

Kila mafuriko yajapo, serikali na mashirika huleta boti. Maji yakishuka, boti hizo zinahitaji fundi, rezini na vipuri, na Garsen haistahili kuvisubiri kutoka mbali. Ombi langu kwa Kaunti ya Tana River ni karakana moja ya vyombo hapa hapa, na somo la faiba na mashine za boti katika vyuo vya ufundi vya kaunti. Fundi mmoja aliyefunzwa vizuri ataokoa boti nyingi kwa bei ya boti moja mpya.

Nawe mwenye chombo, usingoje masika. Januari na Februari, mto ukiwa chini, kipindue, kikaushe, gonga tezi kwa nyundo kona kwa kona, badilisha impela, na nunua jaketi za kuokolea maisha kabla ya kununua rangi.