Flashi ya Elfu Tisa

Picha iliyotangulia jeneza la Guka ilikuwa ya kitambulisho. Mtu wa studio kule Ol Kalou alikiskani kipande chake, akaikuza ile picha mpaka ikajaa fremu ya mbao, na Guka akabaki amekodoa macho kama mtu aliyetoka kukemewa na karani. Binamu yangu aliibeba kifuani kutoka barabarani mpaka kaburini. Watu walikuwa wanaiangalia, kisha wananiangalia mimi. Kwa ukoo wetu, mimi ndiye mjukuu mwenye kamera.

Na picha nilikuwa nazo. Miezi saba kabla ya hapo tulikuwa na ruracio ya binamu yuyo huyo. Mvua, hema, saa kumi na moja jioni. Guka alikaa mwisho wa meza ya wazee, kofia yake ya kahawia imeshuka hadi kwenye nyusi, akicheka na kitu alichoambiwa na jirani yake. Nilimpiga mara kumi na moja. Mara sita bila flashi, na uso wake ukatoka chembechembe tupu, macho yamemezwa na kivuli cha kofia. Mara tano kwa ile flashi ndogo inayoinuka juu ya kamera, na hapo watu wa mbele wakawaka kana kwamba wamepakwa maziwa, huku Guka, nyuma yao, akibaki gizani.

Wakati wa kutengeneza kile kijitabu cha mazishi, shangazi alinipigia. "Si wewe ulikuwa na picha?" Nikamtumia mbili. Alinyamaza kwa WhatsApp kama dakika kumi, halafu akaandika, "Sawa, asante. Tutatafuta ingine."

Guka aliuza ng'ombe mmoja nilipoingia chuo. Nilipoacha mwaka wa pili, yeye ndiye mtu pekee wa familia ambaye hakuniuliza kwa nini. Kwa hivyo hiyo "tutatafuta ingine" ilikaa kwangu vibaya kuliko shangazi alivyodhani.

Nilikuja kupiga hesabu baadaye. Flashi hupewa namba, ile unayoona kwenye boksi imeandikwa GN. Ukiigawanya kwa namba ya tundu la lenzi unapata umbali ambao mwanga utafika, kwa mita, ukiwa ISO 100. Flashi ndogo za kujengewa kwa kamera za bei rahisi huwa na GN ya karibu 9. Lenzi yangu ni ile inayokuja na boksi, ukivuta karibu inafunguka f/5.6 tu. Tisa gawanya kwa 5.6 ni mita moja na nusu na ushee. Ukipandisha ISO hadi 400 umbali unakuwa mara mbili, mita tatu na kidogo. Guka alikuwa mita tano. Haikuwa bahati mbaya, wala haikuwa mvua. Ilikuwa hesabu ya darasa la saba, na sikuifanya.

Baada ya mazishi nililipwa makala tatu kwa mkupuo, jambo ambalo kwa mwandishi wa kujitegemea ni kama kupatwa kwa jua. Nikatoa rent, nikalipa deni la mama mboga, nikabaki na elfu kumi na mbili na kitu. Nikaenda Moi Avenue.

Maduka ya kamera ya tao unayajua. Unapanda ngazi, unapita wanaouza kava za simu, unafika kwa kiosk ya vioo ambapo jamaa mmoja anauza lenzi, mikrofoni na taa za TikTok. Huyu alinipangia flashi tatu juu ya kioo kama karata.

Ya kwanza ilikuwa ya kampuni iliyotengeneza kamera yangu. Elfu thelathini na nane. Niliirudisha pole pole, kwa heshima.

Ya pili ilikuwa Godox TT685, elfu kumi na nne na nusu. Hii iko na akili. Kabla ya kupiga picha inatoa mwanga mdogo wa haraka ambao huuoni, kamera inapima kilichorudi kupitia lenzi, halafu inaiambia flashi itoe nguvu kiasi gani. Hiyo ndiyo TTL. Kwa sababu inaongea na kamera, lazima ununue ya kabila la kamera yako: C ni ya Canon, N ya Nikon, S ya Sony, F ya Fujifilm.

Ya tatu ilikuwa Godox TT600. Elfu tisa. Hii haina akili yoyote ikiwa juu ya kamera. Unaiambia wewe mwenyewe: toa nguvu yote, au nusu, au robo, mpaka moja kwa 128. Chini yake kuna pini moja tu katikati, na kazi ya hiyo pini ni kusema "sasa".

Kulikuwa na ya nne, Yongnuo YN560, ndugu wa hii TT600, ambayo yeye hakuwa nayo lakini nilikuwa nimeisomea usiku kucha. Boksi la Yongnuo linasema GN 58, la Godox linasema 60. Ukisoma haraka utadhani 60 imeshinda. Lakini ile 58 imepimwa kichwa cha flashi kikiwa kimezumu 105mm, na ile 60 kikiwa 200mm, yaani mwanga umebanwa kama tochi ya askari wa usiku. Ukipanua kichwa ili watu wote wa meza waingie, namba zote mbili zinashuka sana. Kwa hivyo usinunue flashi kwa namba moja kabla hujauliza ilipimwa kwa zumu gani.

"Chukua hii ya kumi na nne," jamaa akasema. "Itakufanyia kila kitu."

Mbali na pesa, nilikuwa na sababu moja ya kusita. Kipimo cha kamera hakijui kama kinatazama gauni jeupe au uso mweusi. Chenyewe kinataka kila kitu kitoke katikati, rangi ya kijivu. Bibi harusi akivaa nyeupe na kujaza fremu, kamera inaona mwangaza mwingi, inaambia flashi ipunguze, na gauni linatoka poa huku uso wake umezama. Unaweza kusahihisha, ndiyo, kwa kuongeza kidogo mwenyewe. Lakini kama nitasahihisha kila mara, basi ile akili ya elfu tano na mia tano zaidi ninailipia ya nini? Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli mwingine ni kwamba sikuwa na elfu kumi na nne.

"Hii ya elfu tisa inaingia kamera yoyote?"

"Yoyote, boss. Pini ni moja. Hiyo ni ya wote."

Nikatuma M-Pesa.

Nilifika Zimmerman saa mbili usiku, nikatia betri nne, nikaivalisha kamera. Nikabonyeza. Kamera ikapiga, flashi ikanyamaza. Nikabonyeza kile kitufe cha kujaribu kilicho nyuma ya flashi yenyewe: pwaa! Chumba kizima kikawaka, jirani akauliza kama ni stima imelipuka. Kumbe flashi ni nzima. Nikaitoa, nikageuza kamera chini ya balbu, nikatazama kile kiti cha chuma ambapo flashi hukaa. Pembeni kulikuwa na vidoti vidogo vya kampuni. Katikati, pale ambapo ile pini moja ya kusema "sasa" inapaswa kugusa, hapakuwa na kitu. Plastiki laini.

Kamera yangu ilikuwa ya chini kabisa kwenye ukoo wake, na waliotengeneza walikuwa wameondoa mguso wa katikati. Flashi yenye vidoti vya kampuni ingeongea nayo. Flashi ya pini moja ingekaa hapo juu kama kofia.

Kesho yake nilirudi dukani. Jamaa akanionyesha maandishi kwenye risiti: bidhaa ikitoka, pesa hairudi. Ningeweza kubadilisha na ile ya kumi na nne nikiongeza tofauti. Nilikuwa na mia nne. Niliketi kwenye matatu nimeshika hilo boksi mapajani na nikafikiria shangazi, na ng'ombe, na mambo mengine ambayo nimeanza nikaishia katikati.

Nilichokosa ni subira ya kusoma kile kijitabu. Usiku ule nilikisoma mpaka mwisho. TT600 iko na jicho. Ukiiweka kwa hali inayoitwa S1, inatulia ikisubiri kuona flashi nyingine ikiwaka, na ikiona tu, nayo inawaka. Haihitaji waya wala pini. Shida ni kwamba flashi ndogo ya kamera yangu hutoa ule mwanga wa kupima kwanza, kwa hivyo kwa S1 kubwa inawaka mapema, kabla shata haijafunguka. Kwa hiyo kuna S2, ambayo inaupuuza mwanga wa kwanza na kungoja wa pili.

Nikaiweka S2 juu ya kabati, ikitazama ukuta mweupe. Nikainua kile kiflashi cha kamera nilichokuwa nakidharau, nikakiwekea kikaratasi cheupe mbele ili kisichome uso, nikajipiga kwa kioo. Zote mbili ziliwaka pamoja. Na ile picha, jamani. Mwanga ulitoka pembeni, ukagonga ukuta, ukarudi ukiwa mpana na mpole, ukaingia chini ya nyusi zangu. Macho yalionekana.

Kama kamera yangu ingekuwa na ule mguso wa katikati, ningeacha flashi hapo juu na kumpiga kila mtu usoni kwa mwaka mzima. Mwanga ukitoka mahali pale pale lenzi inapotoka, sura inakuwa bapa na paji la uso linang'aa. Wapiga picha wengi walijifunza kuitoa kwa David Hobby, aliyekuwa mpiga picha wa gazeti la Baltimore Sun, ambaye kuanzia mwaka 2006 alikuwa akiwafundisha watu bure kuondoa flashi ndogo juu ya kamera na kuiendesha kwa mkono. Mimi nilijifunza kwa kukosa mguso wa milimita mbili.

Sitaki nikudanganye kwamba elfu tisa ni elfu tisa. Betri za kawaida za kioski zilikufa kabla ya picha hamsini, na kila moja ilinisubirisha hadi watu wakaacha kutabasamu. Nikanunua nne za kuchaji na chaja yake, elfu mbili na mia nane. Lile jicho halioni kupitia ukuta, na juani linapofuka. Ukiwa kwa sherehe na kuna mpiga picha mwingine, flashi yake itaiamsha yako mpaka uchoke. Kwa hema jekundu ukielekeza mwanga juu, watu wote wanatoka wekundu. Kwa kanisa la mabati hakuna dari ya kuurudisha, kwa hivyo natembea na shuka jeupe kwa begi, na binamu mdogo ndiye stendi.

Ukinitumia meseji leo kuuliza ununue ipi, jibu langu ni fupi. Kwanza geuza kamera yako utazame kile kiti: kama kuna mguso katikati, ya pini moja itakutosha. Kama hakuna, nunua ya kabila la kamera yako, au ujue unaingia kwa S2. Kama kazi yako ni kukimbizana na watu wanaocheza, ile yenye akili inafaa pesa yake. Kama watu wako huketi, ya mkono inatosha. Jaribu hapo hapo dukani, juu ya kamera yako mwenyewe, kabla hujatuma M-Pesa. Na usikubali ya bure ya mjomba kutoka enzi za filamu bila kuuliza fundi. Baadhi zilikuwa na zaidi ya volti 200 kwenye ule mguu, na kamera za sasa zinaweza kuungua.

Mwezi wa nane nilienda nyumbani. Cucu alikuwa jikoni, stima imepotea tangu asubuhi, moshi wa kuni umefanya ukuta kuwa mweusi kiasi kwamba hauwezi kurudisha mwanga wowote. Nikatundika shuka kwenye kamba ya nguo upande wa mlango. Flashi nikaiweka juu ya debe la unga, robo ya nguvu. Picha ya kwanza ikatoka kali sana. Nikalisukuma debe nyuma, kwa sababu ukienda mara mbili ya umbali mwanga unabaki robo. Cucu akaniuliza kama ninapiga picha au ninahamisha jikoni.

"Cucu, toa kitambaa kidogo kwa paji."

"Hapana. Niache hivi. Hivi ndivyo ninajulikana."

Nikamwacha hivyo. Nikashusha debe hadi kwenye kigoda, mwanga ukapita chini ya kitambaa. Alikuwa anamwambia binamu yangu mdogo asiangushe chai, na katikati ya hayo maneno alicheka. Nikabonyeza.

Nilimwonyesha kwa kioo cha nyuma cha kamera. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Hii muiweke," akasema. "Msije mkaanza kutafuta kipande changu."

Kisha akanirudishia kamera na kwenda kutazama kama chai imechemka.