Lipa Kabisa, Kaka

Msomaji, ukitaka kumjua mtu mvumilivu, mtafute anayekula hotelini kila siku. Mimi sili kila siku, mfuko haukubali, lakini kunywa chai nakunywa. Tukuyu mvua haina mchezo. Kwa mwaka inapita milimita 2,000, na nyumbani tuko wengi, meza ni moja. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, hana kazi ila ana daftari na ndoto ya kuandika riwaya, ataandikia wapi? Hotelini. Kodi ya meza ni kikombe cha chai.

Basi karaha za hoteli nazijua, sikusimuliwa.

Kwanza ule ubao wa vyakula. Umeandikwa kuku, samaki, pilau, mbalaga. Unaagiza kuku. "Ameisha." Samaki je? "Leo hajaja." Haya, kuna nini? "Wali maharage." Sasa si ungesema tangu mwanzo, dada yangu? Naamini walioandika mbao hizo ni watunzi wenzetu, ila wao wametutangulia kuchapishwa.

Halafu chai ya maziwa. Huku Rungwe majani ya chai yamefunika vilima, Katumba mpaka Mwakaleli, na ng'ombe wa maziwa tunao. Lakini utaletewa maji ya moto yaliyosalimiana na maziwa kwa mbali! Sijataja kitambaa kinachofuta meza zote tangu asubuhi, wala chenji ya elfu kumi inayosubiriwa mpaka usahau ulikula nini.

Hayo yote nayameza. Lisilomezeka ni moja.

Siku moja niliketi kwenye hoteli fulani, siitaji. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa bwana mwenye viatu vinavyong'aa, ameshuka kwenye gari linaloelekea Kasumulu, mpakani. Alikuja nyuma yangu, akahudumiwa kabla yangu. Sawa, ana safari. Ilipofika zamu yangu nikaagiza chai, bila kitafunwa. Mhudumu akageukia jikoni akapaza sauti, "Chai kavu moooja!" Hoteli nzima ikajua hali yangu ya uchumi. Kisha akanyoosha mkono: "Lipa kabisa, kaka."

Nikamuuliza kwa upole, "Mbona yule hujamwambia?"

"Yule ni mteja."

Na mimi nani? Sikuuliza. Nikatoa hela.

Simlaumu sana yule dada. Ni rika langu, na nasikia mtu akinywa akatoroka, hela inakatwa kwenye mshahara wake. Kama sharti ni kulipa kwanza, libandikwe ukutani tulitii sote, mwenye viatu na mwenye kandambili. Kinachouma ni kupimwa kwa macho kabla hujafungua mdomo.

Sisi Wanyakyusa tuna neno ukwangala. Ni kukaa na wenzako, kula, kunywa na kuzungumza, kila mmoja akijisikia yuko na watu. Mtafiti Monica Wilson, aliyeishi huku Rungwe katika miaka ya 1930, aliliona kuwa zito kiasi kwamba kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu vijiji vya marika alikiita kwa maana ya neno hilo. Zamani vijana wa rika moja walikwenda kula pamoja kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Hakuna mama aliyesema lipa kabisa.

Najua hoteli si kwa mama. Ni biashara. Ila watu wengi hulalamika kwamba hotelini mtu usiyemjua huja kukaa meza yako bila hodi. Mimi hiyo karaha naomba isiondolewe. Kuna mzee mmoja aliwahi kukaa mbele yangu, akachungulia daftari langu bila aibu yoyote. "Mwanangu, unaandika barua ya kazi?" Nikamwambia naandika hadithi. Akanikosoa jina la aina ya ndizi, akanieleza walivyokuwa wakichunga ng'ombe na wenzake, kisha akasukuma sahani ya chapati katikati ya meza. Hakutazama viatu vyangu. Alinichosha kwa maswali, lakini aliniacha nikiwa mtu.

Kwa hiyo, mwandishi mwenzangu, siku ukiandika kuhusu hoteli zetu usiishie kwenye nzi na mawe kwenye wali. Hayo kila mtu anayaona. Tazama nani anaambiwa alipe kabla, na nani anaulizwa kama ameshiba.

Mimi bado nakwenda. Sura tatu za riwaya yangu zimeandikwa kwenye meza hizo, kwa chai kavu ambazo zote zililipwa kabla hazijanywewa.