Wasichana wa Mpira wa Nyanda za Juu

Mji wa Iringa umejengwa juu ya kilima, na mto Ruaha Mdogo hupita bondeni mwake. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi yake ni kali, hata mgeni atokaye pwani hutetemeka. Katika mji huo umo uwanja uitwao Samora, na humo wasichana wamecheza mpira wa miguu katika ligi kuu ya nchi, si kwa kujifurahisha tu, bali kwa kutafuta riziki.

Zamani jambo hilo lingewashangaza wazee wengi. Katika nyanda hizi sifa ya mpira ilikuwa ya wanaume. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya Mkoa wa Mbeya, ilitwaa ubingwa wa nchi, na habari zake husimuliwa hata leo. Wala usidhani ya kuwa ni Waafrika tu waliomwekea mwanamke mpaka. Tarehe 26 Desemba 1920 watu wapatao 53,000 walikusanyika Liverpool, Uingereza, kuwatazama wanawake wakicheza. Mwaka uliofuata wakuu wa mpira wa nchi hiyo wakakataza viwanja vyao visitumiwe na wanawake, wakisema mchezo huo hauwafai. Katazo hilo lilidumu karibu miaka 50. Pengine wingi wa watazamaji ndio uliowatia hofu.

Ligi Kuu ya Wanawake ya Tanzania ilianza mwaka 2016, kwa timu 12. Panama ya Iringa ilikuwamo, na baada ya miaka kadhaa ikaja Ceasiaa Queens, nayo ya mji huo huo. Mabingwa wa kwanza walikuwa Mlandizi Queens wa Mkoa wa Pwani. Mwezi wa Februari 2017 wanawake wa Australia nao wakaanza ligi yao ya mpira wa nchi yao, mpira wenye umbo la yai, ambao huchezwa kwa mikono na kwa miguu. Siku ya kwanza, mjini Melbourne, watu 24,500 waliingia, milango ikafungwa, na wengine wakabaki nje. Walakini wachezaji wengi walikuwa na kazi nyingine mchana, kwa kuwa mshahara wa mpira haukutosha. Ligi ile ilianza na timu 8, na mwaka 2022 zikafika 18.

Shida ya timu ya Iringa huanzia barabarani. Toka huko mpaka Dar es Salaam ni karibu kilomita 500. Gari huteremka mlima wa Kitonga kwa kona zake za kutisha, kisha hukata hifadhi ya Mikumi, ambako tembo huonekana kando ya njia. Timu isiyo na tajiri hununua mafuta kwanza, kisha chakula, na mshahara hungoja. Tena tazama: tangu mwaka 2018 mpaka 2025 ubingwa ulikwenda kwa JKT Queens na Simba Queens tu. Moja ina jeshi nyuma yake, na nyingine ina klabu kubwa. Basi msichana hodari wa nyanda za juu macho yake huelekea pwani, na hakuna haki ya kumlaumu.

Faida nayo imeonekana. Mwaka 2022 wasichana wa Tanzania walio chini ya miaka 17 walikwenda India kushindania Kombe la Dunia. Waliwafunga Ufaransa mabao 2 kwa 1, wakafika robo fainali. Clara Luvanga, aliyechezea Yanga Princess, alikwenda Hispania, na mwaka 2023 akaajiriwa na Al Nassr ya Saudi Arabia.

Kwa hiyo mzazi wa Mbeya aletewapo barua ya kumwita binti yake, hatakiwi kuichana wala kuitia sahihi upesi. Na aulize mshahara ni kiasi gani, na hulipwa tarehe ngapi. Shule ataimaliza wapi. Na akivunjika mguu, ni nani atakayelipa hospitali.