Kuku wa Rangi ya Majivu

Nyumbani kwangu nafuga kuku wa asili ya Andalusia, katika Uhispania, ambao manyoya yao ni ya rangi ya majivu. Jirani yangu alinunua kwangu jogoo na mtetea. Vifaranga wao walipoota manyoya, alikuja kwa hasira, akasema, "Mwalimu, umenidanganya! Wengine ni weusi, wengine weupe wenye madoa."

Nikamjibu, "Ndugu yangu, ndiyo asili yao. Majivu kwa majivu huzaa nusu majivu, robo weusi, na robo weupe wa madoa. Usiwachinje hao. Jogoo mweusi akimpanda mtetea mweupe wa namna hiyo, watoto wote huwa wa majivu."

Akajaribu, akaona ni kweli. Tangu hapo twasalimiana tena.